Mkojo wa mnyama hauna tarehe ya kuzaliwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Makala yenu kuhusu protini za mkojo kama njia ya kufuatilia ukuaji na uzee wa wanyama imegusa jambo ambalo magazeti mengi hulipita, nasi tunashukuru. Ila imemwacha msomaji akiamini kwamba mtaalamu akipewa tone la mkojo ataweza kusema mnyama ana miezi mingapi. Hawezi. Atasema kwanza kama ni dume au jike, kisha kama figo zake ni nzima, kisha kama aliyekusanya mkojo alikuwa mwangalifu, na ndipo, kwa mbali, sauti ya umri itasikika. Tunaandika kueleza kwa nini mambo yako hivyo, na afanye nini anayetaka kuisikia sauti hiyo ya mwisho.

Kuepusha utata, tunaposema panya tunamaanisha yule mkubwa wa maabara, mwenye gramu 250 hadi 500 akikomaa. Kipanya ni yule mdogo, wa gramu 20 hadi 30 hivi. Ni spishi mbili, na kwa habari ya mkojo hazifanani kama watu wanavyodhani.

Tuanze na chujio. Damu ikipita kwenye vichujio vidogo vya figo, maji na molekuli ndogo hupenya, protini kubwa hubaki. Albumini, yenye uzito wa kilodaltoni 66 hivi (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), iko mpakani. Kidogo hupenya, na hicho kidogo karibu chote hufyonzwa tena na mirija ya mwanzo ya figo kwa msaada wa vipokezi viwili, megalini na kubilini. Kinachosalia mkojoni ni mchanganyiko. Kwa binadamu mwenye afya, theluthi moja hivi ya protini za mkojo imetoka kwenye damu, na sehemu kubwa iliyobaki imetolewa na figo na njia ya mkojo zenyewe. Kinara wa kundi hili la pili ni uromodulini, iliyoelezwa na Igor Tamm na Frank Horsfall mwaka 1950, ambayo hutengenezwa na mirija ya figo na kumwagwa moja kwa moja kwenye mkojo. Kwa hiyo anayesoma protini za mkojo anasoma mambo matatu kwa mpigo: hali ya mwili, hali ya chujio, na hali ya mirija inayorudisha kilichopenya. Likibadilika lolote, orodha nzima hubadilika.

Mbona basi tusitumie damu? Kuna sababu mbili. Ya kwanza ni hoja ambayo Youhe Gao wa Chuo Kikuu cha Beijing Normal ameitetea kwa miaka mingi: damu ina kazi ya kutulia. Mwili hupambana kuhakikisha vilivyomo havipandi wala kushuka ovyo, na kinachozidi hutupwa nje. Mkojo ndiko kinakotupwa, hauna wa kuutuliza, kwa hiyo badiliko dogo ambalo damu imeshalifuta linaweza kuonekana humo. Sababu ya pili ni hesabu tu. Kipanya wa gramu 25 ana damu isiyotimia mililita 2 mwilini mwote, na desturi ya maabara ni kutotoa zaidi ya asilimia 10 hivi kwa mkupuo mmoja, kisha kumpumzisha wiki mbili au zaidi. Hiyo ni chini ya mililita 0.2. Mkojo hutoka wenyewe, kila siku, kuanzia utotoni hadi kufa, bila sindano. Kwa anayetaka kumfuata mnyama yuleyule maisha yake yote, hakuna kimiminika kingine chenye subira kama hiyo.

Na vilivyomo si haba. Mwaka 2006 kundi la mtafiti wa protini Matthias Mann lilitaja protini 1,543 kwenye mkojo wa binadamu wenye afya, na tangu hapo mashine zimekuwa kali zaidi. Ukipitisha mkojo wa panya kwenye spektrometa ya tungamo ya kisasa, mashine inayotambua protini kwa uzito wa vipande vyake, kupata protini mia kadhaa hadi elfu moja kwa sampuli moja si jambo la kushangaza. Wingi huo ndio unaowatia watu ulevi.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni wa panya dume. Mwaka 1966 A. K. Roy na O. W. Neuhaus walieleza protini ndogo ya mkojo wake, kilodaltoni 18 hadi 19, iitwayo alfa-2u-globulini. Inatengenezwa na ini kwa amri ya homoni za kiume. Panya akiwa mchanga haipo. Huanza kuonekana anapofikia siku 40 hivi, yaani anapopevuka, hupanda haraka hadi kuwa miongoni mwa protini zinazoongoza kwenye mkojo wake, hukaa juu wakati wa utu uzima, kisha hushuka anapozeeka kwa sababu ini lake linakuwa kiziwi kwa homoni zilezile. Mwaka 1989 ilionyeshwa pia kwamba panya aliyepunguziwa chakula huchelewa kupata uziwi huo. Tazama basi: protini moja inayopanda na ujana na kushuka na uzee, tena inayoitikia lishe. Nani asingeiita saa ya umri?

Lakini mhasi panya huyo akiwa na miezi mitano, na protini hiyo itaporomoka ndani ya wiki chache kana kwamba amekuwa mzee. Mchunguze dada yake, na hutaikuta isipokuwa chembe. Saa hiyo inasoma homoni na ini, na umri unaingia kwa mlango wa nyuma. Si kwamba haina thamani. Kwa swali la lini ini linaacha kusikia testosteroni ni kipimo kizuri mno. Ila ukichanganya madume na majike kwenye kundi moja, au kundi lako la vijana likawa na madume wengi kuliko la wazee, utachapisha tofauti ya jinsia ukiiita tofauti ya umri. (Protini hiyohiyo iliwahi kuwasumbua wataalamu wa sumu. Kemikali itokanayo na limonini, ile ya mafuta ya maganda ya machungwa, hujishika nayo, hurundikana kwenye figo za panya dume na kuziumiza. Panya jike na binadamu hawapati tatizo hilo.)

Kipanya naye ana jamii ya protini hizo, zinazotoka kwenye jeni zipatazo 21 zilizosongamana kwenye kromosomu ya 4, na kwa dume zinaweza kuwa zaidi ya asilimia 90 ya protini yote ya mkojoni. Kazi yake ni kubeba harufu na kuziachia polepole ili alama aliyoiweka idumu. Mojawapo, iliyopewa jina la darsini mwaka 2010, ndiyo inayomfanya jike akumbuke dume fulani na mahali alipomnusa. Kwa hiyo makala yenu iliposema kwamba protini kwenye mkojo ni dalili ya ugonjwa, ilisahau kwamba kwa kipanya dume ni dalili ya afya. Vijiti vya kuchovya vilivyotengenezwa kwa ajili ya binadamu vitamwonyesha kipanya mzima kana kwamba ni mgonjwa. Anayetaka kujua habari za figo zake apime albumini peke yake, kwa kingamwili za albumini ya kipanya. Kipimo cha protini jumla hakitamsaidia.

Paka ana yake. Kauksini, kimeng'enya cha kilodaltoni 70 hivi kilichoelezwa na Masao Miyazaki na wenzake mwaka 2003, hutolewa na mirija ya figo zake na kuwa sehemu kubwa kabisa ya protini ya mkojo wa paka mkubwa mwenye afya. Huanza kutoka paka akiwa na miezi mitatu hivi na huongezeka anavyokua. Ndicho kinachozalisha felinini, chanzo cha ile harufu ya mkojo wa paka dume inayojulikana hata gizani. Mbwa dume asiyehasiwa huleta mkojoni esterasi ya tezi dume, ambayo wala haikupita kwenye figo. Imetoka jirani tu. Ukiona inapungua mbwa akizeeka, uliza kwanza kama amehasiwa.

Kwa wanyama wachanga jambo la kuangalia ni tumbo na figo ambazo hazijakamilika. Ndama akinywa dang'a, utumbo wake wa siku ya kwanza huruhusu protini kupita zikiwa nzima, na zile ndogo, kama beta-laktoglobulini ya maziwa, humwagika mkojoni kwa muda mfupi. Anayechukua sampuli saa 12 baada ya kuzaliwa na nyingine siku ya tano ataona badiliko kubwa ajabu, nalo ni la maziwa ya mama. Watoto wa panya huendelea kujenga vichujio vya figo hata baada ya kuzaliwa, na utumbo wao huendelea kupitisha kingamwili za maziwa hadi wanapokaribia kuachishwa, siku ya 21 hivi. Kwa hiyo tarehe ya kuachishwa ni mpaka mgumu. Linganisha sampuli za kabla na kabla, za baada na baada.

Baada ya hapo ndipo ukuaji wenyewe unaposomeka vizuri. Mifupa na gegedu zikijengwa na kubomolewa kwa kasi, vipande vya kolajeni hujaa mkojoni, na hupungua mnyama anapoacha kurefuka. Hivi ni vipande vidogo, vingi vyao chini ya kilodaltoni 10, na mtu akitumia chujio la kilodaltoni 30 katika kuandaa sampuli atakuwa amevimwaga kwenye sinki kabla hajaanza. Anayevitaka achukue kile kilichopita chujio, akisafishe na kukipima bila tripsini, kimeng'enya kinachokata protini vipande. Hayo ni maandalizi mawili tofauti kutoka chupa moja.

Uzee una mtego mkubwa kuliko yote, na hapa tunaomba uvumilivu. Panya wa maabara, hasa madume wa koo za Sprague Dawley na Fischer 344, hupata ugonjwa wa figo unaoendelea polepole kadiri anavyoishi. Vichujio hukakamaa, mirija huziba, albumini na ndugu zake wa damu huvuja. Panya anayekula bila kikomo huugua mapema zaidi, na mlo wenye protini nyingi humharakisha. Ukichukua madume wa miezi 3 na wa miezi 24 na kulinganisha, orodha yako itajaa albumini, transferini na kingamwili, zote zikiwa juu kwa wazee. Hapo umepima figo mbovu. Mwili mzima wa panya unaweza kuwa umezeeka vizuri kabisa nyuma ya chujio lililotoboka.

Njia ya kutoka ipo. Pima albumini ya kila mnyama kwanza, uwagawe wazee katika wenye kuvuja na wasiovuja, kisha uulize ni protini zipi zinatofautisha wazee wasiovuja na vijana. Hizo ndizo za kufuatilia. Wanyama wakifa, figo zikatwe na kutazamwa kwa hadubini, alama za ugonjwa ziandikwe kando ya kila sampuli. Angalia pia upande wa pili wa mrija. Protini ndogo zinazopaswa kurudishwa, kama beta-2-mikroglobulini, zikipanda bila albumini kupanda sana, tatizo liko kwenye mirija, chujio ni zima. Na zile zinazozalishwa na figo zenyewe, uromodulini na kichocheo cha ukuaji cha EGF, zikishuka, maana yake seli za kuzitengeneza zimepungua. Hesabu hizo tatu zikiwekwa pamoja hutenganisha mambo mengi ambayo orodha ndefu ya protini elfu moja huyachanganya.

Sasa ukusanyaji, maana hapo ndipo kazi nyingi hufia. Kizimba cha kukusanyia mkojo kina sakafu ya waya, faneli chini yake, na kigawanyi kinachopeleka kinyesi upande mmoja na mkojo upande mwingine. Mnyama asiyekizoea hula kidogo, hunywa ovyo na kutoa homoni za hofu, kwa hiyo aingizwe humo kwa vipindi siku mbili au tatu kabla, mkojo wa siku hizo umwagwe. Panya hutoa mililita 10 hadi 20 kwa siku, kipanya 1 hadi 2, na za kipanya nyingi hubaki kwenye kuta za faneli zikakauka. Ukiona kipanya ametoa mililita 0.3 kwa usiku mzima, angalia faneli kabla ya kuangalia figo. Wanyama hawa huishi usiku, hivyo saa 12 za giza ndizo zenye mkojo wa kutosha, na saa zilezile zitumike kwa kila mnyama na kila umri.

Chakula ni kero. Kikiwa ndani ya kizimba, vumbi lake huangukia faneli, na utapata protini za soya na ngano ukizidhania za mnyama kwa sababu vipande vyake hufanana. Wengi hukiondoa chakula na kuacha maji tu. Hapo umebadilisha jaribio, kwa kuwa kipanya asiyekula usiku kucha hupoteza uzito unaopimika, na mzee huumia kuliko kijana. Kwa panya mkubwa usiku mmoja wa maji matupu unavumilika. Kwa kipanya ni afadhali kumshika kwa upole juu ya kisahani safi. Wengi hukojoa wenyewe wanaposhikwa, na matone mawili matatu ya asubuhi, mikrolita 50 hadi 200, yanatosha kwa mashine za leo. Mkojo wa mbwa na paka unaweza kuchukuliwa kwa sindano kibofuni, lakini sindano huleta damu kidogo. Hemoglobini ikionekana, sampuli iwekewe alama ya swali.

Chupa ya kupokelea ikae kwenye barafu. Mkojo wa joto la chumba kwa saa nane ni supu ya bakteria, na wazee, ambao kibofu chao huambukizwa kirahisi zaidi, mkojo wao utaoza mbele ya ule wa vijana. Azidi ya sodiamu huzuia bakteria, ila ni sumu, na haifai kama sampuli itatumika kwa vipimo vinavyotegemea kimeng'enya cha peroksidasi, kwani huiua pia. Kabla ya kugandisha, zungusha kwenye sentrifuji kwa nguvu ya g 3,000 dakika 10, nyuzi 4, ili seli, nywele na mashapo vishuke. Ukigandisha kwanza na kuzungusha baadaye, seli zitapasuka na protini zake za ndani zitaingia kwenye orodha yako. Kosa hili ni la kawaida na huonekana kwa wingi wa aktini na histoni.

Gawa kwenye mirija midogo, weka nyuzi 80 chini ya sifuri, usiyeyushe zaidi ya mara moja. Ikiyeyuka utaona ukungu mweupe. Huo una uromodulini, inayojisuka nyuzi na kunasa protini nyingine. Mtu asiyejua huuzungusha na kuutupa. Upashe moto hadi nyuzi 37 kwa dakika chache, utikise vizuri, ndipo uendelee. Pasipo friji, kuna njia ambayo kundi la Gao liliieleza mwaka 2014: mkojo hupitishwa kwenye utando unaonasa protini, utando hukaushwa na kufungwa kwenye mfuko usio na hewa. Kwa wanyama wa porini hiyo ni neema.

Maandalizi yenyewe si ya siri. Changanya mkojo na etanoli baridi mara tatu ya ujazo wake, acha usiku kucha kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, zungusha kwa g 12,000 dakika 30, mwaga maji, yeyusha tope kwa urea ya moli 8 kwa lita yenye kidogo cha thiourea. Pima protini kwa kipimo cha Bradford. Kile cha shaba, BCA, hudanganywa na ditiotreitoli ukiwa umeitia. Chukua mikrogramu 100 kwenye chujio, fungua viunganishi vya salfa kwa ditiotreitoli, uvizibe kwa iodoasetamidi gizani dakika 40, osha urea, kisha tripsini kwa uwiano wa 1 kwa 50, nyuzi 37, usiku kucha. Urea isipashwe moto zaidi ya hapo, maana hugeuka kuwa sianati inayozibandika protini, na tripsini haitazikata inavyotakiwa. Sabuni isiguse chombo chochote. Mabaki yake huziba ishara ya spektrometa kwa saa nzima. Faneli za vizimba zisuuzwe mara nyingi kwa maji safi, bila kuamini macho.

Baada ya hapo linakuja swali la kulinganisha mkojo mzito na mwepesi. Mazoea ni kugawa kwa kreatinini. Kwa mtafiti wa umri hilo ni shimo, kwa sababu kreatinini hutoka kwenye misuli, na misuli hukua utotoni na kusinyaa uzeeni. Ukigawa kwa kitu kinachopungua na uzee, kila protini itaonekana kupanda na uzee. Wazee pia hushindwa kukoleza mkojo, hivyo ukipima kwa mililita, kila protini itaonekana kushuka. Ukipata muda kamili, hesabu miligramu kwa saa 12. Usipopata, tumia uzito wa mkojo ukilinganisha na maji, au weka kiasi sawa cha protini kwenye mashine na useme wazi kwamba unachopima ni uwiano. Kwa vipanya, kreatinini ikipimwa kwa njia ya kale ya asidi ya pikriki inaweza kudanganya. Njia ya vimeng'enya ndiyo inayoaminika zaidi.

Jambo linalosahaulika hata na wakongwe ni friji. Ukimfuata panya kutoka mwezi wa 2 hadi wa 26 na kupima sampuli zote siku moja, za ujana zimekaa kwenye barafu miaka miwili na za uzee juma moja. Umri wa mnyama na umri wa sampuli vimefungwa pamoja, na hakuna hesabu itakayovifungua. Ukiamua badala yake kuchukua vijana na wazee wa siku moja, hao wazee ni wale waliobahatika kubaki hai, na hujui wenzao waliokufa walikojoa nini. Dawa ni kuanzisha makundi kwa zamu, kila miezi sita kundi jipya kutoka ukoo uleule, ili kila siku ya kukusanya iwe na vijana, watu wazima na wazee. Kwenye mashine pia usipitishe vijana Jumatatu na wazee Ijumaa. Changanya mpangilio kwa bahati nasibu, na kila baada ya sampuli nane au kumi pitisha mchanganyiko wa sampuli zote. Majibu ya mchanganyiko huo yakitetereka, umejua mashine imebadilika.

Hesabu za takwimu tutazipitia upesi, ila zisikosekane. Ukipima protini 1,000 na kukubali kila yenye uwezekano wa kutokea kwa bahati tu chini ya 0.05, utapata 50 hivi hata kama umri haufanyi lolote. Njia rahisi ya kujipima ni kuchanganya majina: gawanya wanyama walewale kwa kila namna inayowezekana bila kujali umri, uhesabu ni protini ngapi "zinatofautiana". Kama ukiwa na watano kwa watano, namna za kuchagua ni 252, na mgao wa kweli unaweza kujitokeza. Ukiwa na watatu kwa watatu ni 20 tu, na hata matokeo mazuri kuliko yote hayawezi kushuka chini ya 0.1 kwa kipimo cha pande mbili. Na ukimpima mnyama mmoja mara tatu, bado ni mnyama mmoja.

Kwa wenye mbwa na paka walioandika kuuliza kama kipimo hiki kipo kliniki: kilichopo ni uwiano wa protini kwa kreatinini. Chini ya 0.2 ni sawa. Juu ya 0.5 kwa mbwa, na juu ya 0.4 kwa paka, ni kuvuja, mradi hakuna maambukizi wala damu na kipimo kimerudiwa kwa wiki kadhaa. Hicho husema habari za figo na hakidai kujua umri.

Mwandishi wenu ameahidi sehemu ya pili. Tunamshauri aanze na panya jike. Hana mafuriko ya alfa-2u-globulini, na figo zake huchelewa kuugua, hivyo protini chache za umri zina nafasi ya kuonekana. Ana mzunguko wa uzazi wa siku nne au tano, ndiyo, na ute wake huingia mkojoni, kwa hiyo mkojo uchukuliwe siku tano mfululizo na kuchanganywa, au siku ya mzunguko isomwe kwa hadubini kila asubuhi. Akikaribia mwaka mmoja au kuupita mzunguko huo huvurugika kisha husimama, na tarehe hiyo iandikwe kwa kila mmoja wao, kwa sababu haiji siku moja kwa wote.

Ni sisi,
Wapimaji wa protini za wanyama